Somo la Afya: Kwa Nini Saratani ya Ngozi Husambaa na Wakati Mwingine Hukataa Dawa



Hebu tuanze kwa mfano. Mvuvi wa omena katika ufuo mmoja wa Ziwa Victoria, tuseme Mbita au Muhuru Bay, anaona madoa mawili meusi mguuni. Hayawashi wala hayaumi. Anadhani ni alama za kamba ya wavu, anaendelea na kazi. Miezi mitatu baadaye madoa yamefika matano, yameinuka mithili ya punje za kunde chini ya ngozi, na mguu umeanza kuvimba. Jirani mmoja anamnong'oneza kwamba hiyo ni chira. Mwingine anamletea krimu ya dukani. Anapofika hospitalini hatimaye, madoa yameshaingia mdomoni na anakohoa damu.

Mvuvi huyu ni wa kubuni, lakini safari yake si ya kubuni. Ndiyo njia ambayo wagonjwa wengi wa saratani iitwayo Kaposi hupitia barani Afrika kabla ya kumwona daktari. Familia hubaki na maswali mawili: kwa nini doa dogo lilisambaa upesi hivyo, na kwa nini dawa iliyomsaidia mgonjwa mmoja ilishindwa kwa mwingine?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika vitu vidogo sana ambavyo mwili wetu wenyewe hutengeneza. Wanasayansi huviita vichocheo vya ukuaji. Ukisoma somo hili hadi mwisho utaelewa mambo matatu: vichocheo hivi ni nini, vinaisaidiaje saratani ya ngozi kusambaa na kustahimili dawa, na wewe mkazi unaweza kufanya nini mapema.

Saratani za ngozi tunazopaswa kuzijua

Wengi wetu tukisikia saratani ya ngozi hufikiria ugonjwa wa Wazungu na jua kali. Fikra hiyo imewachelewesha watu wengi kutafuta tiba. Katika eneo letu kuna aina tatu ambazo kila mtu anapaswa kuzifahamu.

Ya kwanza ni Kaposi. Hii huanzia kwenye seli zinazotanda ndani ya mishipa midogo ya damu na ya limfu, na mara nyingi hujitokeza kwanza kwenye ngozi. Ina jina la daktari Moritz Kaposi, aliyeieleza mjini Vienna mwaka 1872. Afrika Mashariki iliifahamu muda mrefu kabla ya Ukimwi. Mwaka 1961 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Kampala kuijadili, kwa sababu ilikuwa ikionekana sana katika sehemu hii ya bara, hasa miguuni mwa wanaume wenye umri mkubwa. Ukimwi ulipoingia, idadi ya wagonjwa ilipanda na umri wao ukashuka.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Kaunti ya Homa Bay karibu mtu mmoja kati ya kila watano wenye umri wa miaka 15 hadi 64 alikuwa akiishi na VVU. Migori ilikuwa na takriban 13%, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 4.9%. Penye VVU vingi, Kaposi nayo hupata nafasi.

Aina ya pili huanzia katika seli bapa za tabaka la juu la ngozi. Huwapata zaidi watu wenye ualbino, kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kutosha ya kuwakinga dhidi ya jua. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Aina hii pia inaweza kuota juu ya kovu la moto au kidonda cha miaka mingi ambacho hakijapona, hata kwa mtu mwenye ngozi nyeusi tititi. Mkata miwa wa Awendo au mchimba dhahabu wa Macalder mwenye kidonda sugu mguuni asikichukulie kama sehemu ya maisha.

Ya tatu ni melanoma, inayotokana na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwetu sisi hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika alipatwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Ilisambaa, na akafariki mnamo Mei 11, 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Kichocheo cha ukuaji ni nini?

Kumbuka siku ulipojikata na panga shambani. Damu ilitoka, ikaganda, kisha baada ya siku chache nyama mpya ikaanza kuziba pengo. Nani aliiambia nyama ile ianze kukua? Na nani aliiambia ikome ilipofika usawa wa ngozi?

Seli zetu huzungumza kwa kutumiana protini ndogo. Baadhi ya protini hizo hubeba ujumbe mmoja: kueni, gawanyikeni, msife bado. Hizo ndizo vichocheo vya ukuaji. Kila kichocheo ni kama ufunguo, na juu ya seli kuna kufuli lake, ambalo wataalamu huliita kipokezi. Ufunguo ukiingia katika kufuli, amri hupita ndani ya seli, kutoka protini moja hadi nyingine, mpaka ifike kwenye kiini. Hapo seli huanza kugawanyika. Kidonda kikishapona, funguo hupungua, na kazi husimama.

Maarifa haya yalianza kwa majaribio ya kawaida kabisa. Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi Mwitaliano, alianza kuchunguza mishipa ya fahamu ya vifaranga ambavyo havijaanguliwa akiwa amejificha nyumbani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye, akiwa Marekani, aligundua kichocheo kinachoikuza mishipa hiyo. Mwenzake Stanley Cohen alidunga vitoto vya panya dawa iliyokamuliwa kutoka tezi za mate, akashangaa kuona macho yao yanafunguka kabla ya siku zake. Ndani ya dawa hiyo alikuta kichocheo cha kukuza ngozi, kinachojulikana kwa herufi EGF. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Kwa hivyo vichocheo si adui. Bila hivyo kidonda hakingepona na mtoto hangekua tumboni. Tatizo huanza saratani inapojifunza kuvitumia bila kikomo. Mwaka huo huo wa 1986, daktari Harold Dvorak wa Marekani alieleza uvimbe wa saratani kuwa kidonda kisichopona. Maana yake ni kwamba mwili unaendelea kupeleka vifaa vya ujenzi mahali ambapo hakuna tena kitu cha kujengwa.

Jifunze kutoka kwa gugumaji

Wakazi wa kando ya ziwa hawahitaji maabara ili kuelewa jinsi saratani inavyosambaa. Tunalo gugumaji.

Gugumaji liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo hufunga fuo za ghuba yetu. Mnajua linavyofanya. Kwanza, linahitaji chakula. Mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani na maji machafu kutoka mijini hulinenepesha. Pili, haling'ang'anii mahali pamoja. Upepo ukigeuka, kipande hukatika, huelea, na kesho kinaota katika ufuo mwingine. Tatu, ukilifyeka leo bila kuzuia mbolea, baada ya majuma machache limerudi.

Saratani ya ngozi hufanya hivyo hivyo. Uvimbe ukiwa mdogo kama kichwa cha pini, hujipatia hewa na chakula kutoka kwa majirani zake. Ukitaka kuzidi milimita moja au mbili, lazima upate mishipa yake ya damu. Daktari Judah Folkman alitoa wazo hilo mwaka 1971, na wengi hawakumwamini. Baadaye wanasayansi waligundua kichocheo ambacho huamuru mishipa mipya ya damu iote. Kinaitwa VEGF kwa kifupi. Seli za saratani zikikosa hewa, hutoa VEGF kwa wingi, na mishipa hutambaa kuzifuata kama mifereji ya maji kuelekea shamba jipya.

Mishipa hiyo hujengwa haraka na vibaya. Huvuja maji, ndiyo maana mguu huvimba. Tena kuta zake zina mianya, kwa hiyo seli za saratani hupenya kwa urahisi, huingia katika damu au limfu, na husafiri hadi kwenye mitoki, mapafu au ini. Vichocheo vingine huzilegeza seli zisishikane na wenzake na kuzipa uwezo wa kutambaa. Kipande kimekatika, kinaelea, kinatafuta ufuo mwingine.

Kaposi na virusi vinavyoiba funguo

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua Kaposi inasababishwa na nini. Mwaka 1994, mtu na mkewe, Patrick Moore na Yuan Chang, waligundua nchini Marekani kirusi kipya katika vipande vya nyama vya wagonjwa. Kirusi hicho ni cha jamii ya herpesi, nacho ni cha nane kinachojulikana kumpata binadamu. Hupatikana kwa wingi Afrika Mashariki na huenezwa zaidi kwa mate, mara nyingi tangu utotoni. Wengi wanaokibeba hawaugui kamwe, kwa sababu kinga ya mwili hukifungia ndani.

Kinga ikishuka, kirusi huamka. Na hapa ndipo ujanja wake unapoonekana. Ndani yake kimebeba nakala za jeni zinazofanana na zile za mwili wa binadamu, kana kwamba kimechonga funguo bandia. Moja hutengeneza kipokezi ambacho hakingoji ufunguo. Huwa kimewashwa wakati wote, na huilazimisha seli kumwaga VEGF. Nyingine hutengeneza protini inayoiga ujumbe wa mwili wa kuita uvimbe. Nyingine tena huiambia seli isife hata ikiwa imeharibika. Matokeo yake ni seli za mishipa ya damu zinazokua ovyo, zikajaa damu, na kuonekana juu ya ngozi kama madoa ya zambarau au meusi.

VVU navyo huongeza petroli kwenye moto. Mbali na kuangusha kinga, virusi hivyo hutoa protini iitwayo Tat, ambayo hushirikiana na kichocheo kingine cha ukuaji kuzihimiza seli za Kaposi ziongezeke. Ndiyo sababu dawa za ARV ni tiba ya kwanza ya Kaposi kwa mtu anayeishi na VVU. Zinapunguza virusi, zinarudisha kinga, na wakati huo huo zinazima sehemu ya moto unaolisha uvimbe. Wapo wagonjwa ambao madoa machache ya mwanzo yalififia kwa ARV peke yake.

Eneo letu lina historia katika jambo hili. Hospitali ya Homa Bay ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya umma nchini kutoa ARV bila malipo, kuanzia mwaka 2001, kwa ushirikiano na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Dawa ambazo wakati mmoja watu walizisikia tu redioni sasa zinapatikana katika zahanati. Tusizichezee.

Kwa nini dawa hushindwa

Tibakemikali hulenga seli zinazogawanyika haraka. Wagonjwa wengi hupata nafuu. Lakini baadhi yao madoa hurudi, na mara ya pili dawa ile ile haifanyi kazi vizuri. Sababu ni kadhaa, na vichocheo vya ukuaji vimo katika nyingi kati yake.

Kwanza, amri ya "msife". Kichocheo kikiingia katika kipokezi, pamoja na kuamuru seli ikue, huzima mitambo inayoifanya seli iliyoharibika ijiue. Tibakemikali hutegemea mitambo hiyo. Dawa huipiga seli, seli huumia, lakini kwa sababu inaendelea kupata ujumbe wa kuishi, hujikarabati na kuendelea.

Pili, njia ya panya. Polisi wakifunga barabara kuu ya Isebania, wafanyabiashara wa magendo huzunguka kwa vijia. Saratani nayo ni hivyo. Mwaka 2011 dawa iitwayo vemurafenibu iliidhinishwa Marekani kwa melanoma yenye hitilafu ya jeni ya BRAF. Uvimbe ulinywea kwa namna ya kushangaza, kisha kwa wagonjwa wengi ukarudi baada ya miezi kadhaa. Mwaka 2012, makundi mawili ya watafiti yalionyesha njia mojawapo ya panya. Seli za kawaida zilizo jirani na saratani zilikuwa zikitoa kichocheo kiitwacho HGF. Kichocheo hicho kilifungua kufuli lingine, na amri ya kukua ikapita pembeni ya mahali dawa ilipoziba. Kwa maneno mengine, saratani ilipata msaada kwa majirani wasio na hatia. Tangu hapo madaktari wamezoea kuunganisha dawa mbili ili kufunga zaidi ya njia moja.

Tatu, mishipa mibovu. Mishipa ya damu iliyojengwa kwa haraka chini ya amri ya VEGF haipitishi damu sawasawa. Dawa inayotiririka katika damu hufika sehemu moja ya uvimbe na kukosa kufika nyingine. Sehemu iliyokosa dawa ndiyo huotesha mapya.

Nne, dawa iliyokatizwa. Mgonjwa anayekosa awamu mbili za tibakemikali kwa kukosa nauli huzipa seli zilizo sugu nafasi ya kuongezeka. Anayeacha ARV huamsha VVU, kinga hushuka, na vichocheo vile vile hurudi kazini. Huu si usugu wa kisayansi wa maabara. Ni usugu unaoanzia kwenye mfuko wa nauli, na ndio ambao familia na majirani wanaweza kuusaidia zaidi.

Utafiti umetupa nini?

Habari njema ni kwamba kuielewa njia ya adui kumezaa dawa.

Mwaka 2005 madaktari wa Italia walichapisha taarifa ya wagonjwa 15 waliopandikizwa figo na kupata Kaposi kwa sababu ya dawa za kushusha kinga. Walibadilishiwa dawa na kupewa sirolimusi, ambayo hukata amri ya ukuaji ndani ya seli na kupunguza VEGF. Baada ya miezi mitatu madoa ya ngozi yalikuwa yametoweka kwa wote. Mwaka 2020, Marekani iliidhinisha pomalidomidi kwa Kaposi, dawa ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuzuia kuota kwa mishipa mipya ya damu.

Lakini utafiti unaotuhusu kwa karibu zaidi ulifanyika katika nchi kama zetu, Kenya ikiwa mojawapo, pamoja na Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili. Watu 334 wenye VVU na Kaposi iliyokomaa walipewa ARV pamoja na tibakemikali za aina tofauti ili kujua ipi ni bora. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya wiki 48, 64% ya waliopewa paklitakseli walikuwa hai na ugonjwa wao haujasonga mbele. Kwa waliopewa bleomaisini na vinkristini, dawa zilizozoeleka kwa miaka mingi, kiwango kilikuwa 44%. Paklitakseli ilipatikana mwanzoni kutoka gome la mti, na imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa ajili ya Kaposi.

Maana yake kwa mkazi wa kawaida ni hii: hata Kaposi iliyokomaa ina tiba. Aliye nayo asihesabiwe kuwa amekwisha.

Makosa manne yanayoupa ugonjwa nguvu

1. Krimu na vidonge vya steroidi bila agizo la daktari. Baadhi ya krimu za kujichubua na za kutibu vipele zina steroidi. Steroidi hushusha kinga, na imeonekana kwamba zinaweza kuifanya Kaposi ilipuke. Ikiwa unatumia steroidi kwa ugonjwa mwingine kama pumu, usiache ghafla. Mweleze daktari kuhusu madoa yako, yeye ataamua.

2. Kuacha ARV kwa sababu madoa yameongezeka. Mtu anapoanza ARV, kinga iliyokuwa imelala huamka na kupambana. Katika wiki na miezi ya kwanza, madoa yanaweza kuvimba au kuongezeka kwa muda. Wengine husema dawa imewaletea ugonjwa, wakaitupa. Usiache. Rudi kliniki upesi, kwa sababu huenda unahitaji tibakemikali juu ya ARV.

3. Kudhani kila kikohozi ni kifua kikuu. Kaposi inaweza kuingia kwenye mapafu na kuleta kikohozi, damu na kushindwa kupumua. Ikiwa una madoa kwenye ngozi au kinywani na unakohoa, mwonyeshe mhudumu yote mawili, hata kama hajakuuliza.

4. Kusingizia chira au uchawi. Hatumcheki mtu kwa imani yake. Lakini doa la Kaposi lina kirusi kinachojulikana, na mgonjwa anayefichwa nyumbani kwa aibu hupoteza miezi ambayo tiba ingekuwa rahisi. Mzee wa ukoo anayemshika mgonjwa mkono na kumpeleka hospitalini amefanya kazi kubwa kuliko maneno.

Dalili za kuangalia

Mara moja kwa mwezi, jikague mwili mzima penye mwanga mzuri. Mwombe mtu wa nyumbani akuangalie mgongoni. Angalia:

- Madoa au vinundu vya zambarau, vyekundu au vyeusi ambavyo haviumi wala haviwashi, hasa miguuni, usoni na kwenye paa la kinywa.
- Mguu mmoja unaovimba na kuwa mgumu bila jeraha.
- Doa jeusi linalokua kwenye unyayo au kiganja, au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha.
- Kidonda au kovu la zamani lililoanza kutoa nyama, kunuka au kuvuja damu.
- Kwa mwenye ualbino: gamba au kidonda usoni, masikioni, shingoni au mikononi ambacho hakijapona kwa mwezi mmoja.

Si kila doa ni saratani. Ndiyo maana kuna kipimo.

Ufanye nini?

Anzia karibu. Mwonyeshe mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, au nenda zahanati au kituo cha afya. Ukihitaji uchunguzi zaidi utatumwa hospitali ya rufaa ya kaunti. Huko daktari anaweza kukata kipande kidogo cha nyama baada ya kukutia ganzi, kipelekwe maabara. Kipimo hicho hakisambazi saratani, kinyume na uvumi unaozunguka. Bila kipimo hicho daktari anakisia tu. Wanaohitaji matibabu makubwa hupewa rufaa hadi hospitali kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ya Moi mjini Eldoret au Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi.

Pima VVU hata kama unajihisi mzima. Ukiwa na virusi, anza ARV na uzinywe kila siku. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla hujaugua, kwa sababu foleni ya kujisajili ukiwa kitandani ni ndefu zaidi. Wenye ualbino waulize katika hospitali ya umma kuhusu mafuta ya kukinga jua yanayotolewa kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na wavae kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni.

Na kama jirani yako yuko kwenye tibakemikali, chama chenu, kanisa lenu au kikundi chenu cha ufuoni kinaweza kuchanga nauli ya safari inayofuata. Awamu isiyokosekana ni sehemu ya dawa.

Maswali ya kujikumbusha

Yasomeni pamoja nyumbani au kwenye baraza, kisha mlinganishe majibu.

*Je, vichocheo vya ukuaji ni sumu?* La. Ni protini za kawaida za mwili zinazoponya vidonda. Saratani huzitumia vibaya.

*Kwa nini mguu wenye Kaposi huvimba?* Kwa sababu VEGF huotesha mishipa mibovu inayovuja maji, na uvimbe huziba njia za limfu.

*ARV ni dawa ya virusi. Inaisaidiaje saratani kupungua?* Hurudisha kinga inayokidhibiti kirusi cha Kaposi, na hupunguza protini ya VVU inayochochea seli za saratani.

*Dawa moja ikishindwa, ndio mwisho?* Hapana. Saratani hutafuta njia ya panya, na daktari naye anaweza kubadilisha au kuunganisha dawa. Rudi kliniki mapema.

*Gugumaji linatufundisha nini?* Kulifyeka peke yake hakutoshi bila kuzuia kinachololisha, na ni rahisi kung'oa mche mmoja leo kuliko kuikomboa ghuba nzima mwakani.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, washa taa uangalie nyayo zako na miguu ya wazazi wako. Ukiona doa ambalo halikuwepo mwezi jana, kesho asubuhi lipeleke kliniki.